Mwenzangu wa Chumba Kimoja

SWALI: Shangazi, salamu kutoka Goma. Nina umri wa miaka 36 na asili yangu ni Sake. Mume wangu ni dereva wa lori; mwishoni mwa 2024 alipeleka mzigo Butembo, na tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 hajaweza kurudi, kwa kuwa mstari wa vita umekatiza kati yetu. Simu yake hupatikana mara moja baada ya majuma kadhaa. Kambi yetu ya wakimbizi wa ndani ilipovunjwa Februari, nilipanga chumba cha mbao pamoja na mama mmoja wa Masisi, ambaye mumewe haijulikani aliko. Tunapikia sufuria moja, tunasukana nywele, na usiku risasi zikianza kulia tunashikana mikono hadi zinyamaze. Sijawahi kuwa karibu na mtu kiasi hiki, hata na mume wangu, ambaye siku zake za safari zilikuwa nyingi kuliko za nyumbani. Majirani wameanza kunong'ona. Ninahofia kwamba ninamkosea mume wangu, na zaidi ninahofia kwamba vita vikiisha nitampoteza mwenzangu. Nifanye nini?
Mama wa Sake

JIBU: Mama wa Sake, pole kwa yote, na ahsante kwa kuniamini. Niseme mapema mahali ambapo sikubaliani nawe: unaandika kana kwamba mwenzako umeazimwa na vita, na amani ikija itabidi umrudishe. Ni kweli kwamba vita ndivyo vilivyowakutanisha, lakini kazi ya kusukana nywele na kungojana kwenye foleni ya maji mmeifanya ninyi wenyewe.

Mama mkwe wangu alikuwa mke kijana huko Nyeri, Kenya, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, pale serikali ya kikoloni ilipoanza, mwaka 1954, kuwaondoa watu mashambani mwao kwa nguvu na kuwarundika katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa mahandaki na miiba. Wanaume wengi walikuwa msituni, au vizuizini Manyani na kwingineko. Wanawake walishinda wakichimba mahandaki chini ya ulinzi wa askari, na muda uliobaki kabla ya kafyu ulikuwa mfupi mno kwa mtu mmoja kuchota maji, kutafuta kuni na kulisha watoto. Ndiyo maana yeye na mke wa mtu asiyemjua, waliotupwa kibanda kimoja, waligawana mbio hizo, huyu mtoni, yule kichakani, na mtoto wa mmoja mgongoni mwa mwingine. Mumewe alipoachiwa alimkuta mke ambaye kila jambo alikwisha kushauriana na mtu mwingine, akanuna msimu mzima wa mahindi. (Hapo mama mkwe alikuwa akicheka sana.) Kwa jinsi alivyonieleza, urafiki wenyewe haukumuudhi mzee, kilichomuudhi ni kuukuta umekwisha kukomaa, naye hajui hata jina la huyo mama. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, nao wakapata mashamba kwenye vilima viwili tofauti. Nilipoolewa katika nyumba ile, miaka mingi baadaye, yule bibi alikuwa bado anakuja kila Alhamisi na kikapu cha ndizi, akiingia jikoni bila kubisha hodi.

Kwa hiyo usingoje mumeo arudi ndipo aambiwe. Mweleze sasa, kwa simu hiyohiyo ya kubahatisha, kwamba hulali peke yako na woga wako, na umtaje mwenzako kwa jina. Mume aliye mbali hujaza ukimya kwa mawazo yake, na mara nyingi mawazo hayo ni mabaya kuliko ukweli.

Kuhusu minong'ono, msiape wala msijieleze mlangoni kwa watu. Hukuniuliza ukaribu wenu unaitwaje, nami sitajipa ruhusa ya kuupa jina; ninyi wawili mnaujua, na mwenye haki ya kukuuliza ni mumeo, si jirani. Hata hivyo minong'ono yaweza kuwaletea hatari katika mji wenye silaha nyingi, na kinachoipunguza makali ni kuonekana mkiwa miongoni mwa wanawake wengine. Ingieni likilimba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, kama bado hamjaingia. Tangu benki za Goma zifungwe, vikundi hivyo vimebeba mambo makubwa kuliko fedha: anayekosa kufika siku ya kuchanga hutafutwa nyumbani siku hiyohiyo. Tena ninakuomba hivyo kwa sababu ya pili, ambayo huenda hutaipenda: mzigo wa mwanamke mmoja kuwa mama, dada na mlinzi wa mwenzake kila usiku ni mzito, na yeye hajui hata kama mumewe yu hai. Je, ni nani anayemsikiliza anapohitaji kulia bila kukutisha?

Jambo la mwisho mlizungumze wawili, mchana, si wakati wa risasi: mumeo akirudi, mwenzako atalala wapi? Huenda chumba cha pili katika uwanja huohuo kikatosha, au mtaa wa jirani. Mkikubaliana leo, hatahesabu siku zake kila simu yako inapoita. Na mara nyingine mumeo akipatikana kwa simu, mpe naye azungumze, amsalimu shemeji yake.