Fuata dai hadi lilikoanzia

Kila anayeanza kazi ya kuhakiki habari za mabadiliko ya tabianchi huja na ombi lilelile: nipe orodha ya vyanzo vya kuaminika na vile vya kukwepa. Ombi hilo nalielewa. Mjadala una kelele nyingi na mtu hutaka pa kushika. Lakini orodha huwa siitoi, kwa sababu anayeipata huacha kusoma. Akiona jina kubwa anapitisha, akiona jina geni anakataa, na uhakiki unakuwa umeishia hapo. Ninachosisitiza ni kulishika dai lenyewe, kulifuata nyuma mkono kwa mkono hadi kwa aliyelisema kwanza, kisha kuuliza: huyu alijuaje?

Chukua dai la barafu za Himalaya. Mwaka 2007 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalotathmini sayansi ya tabianchi, lilitoa ripoti yake ya nne. Katika sehemu ya athari, kwenye sura ya Asia, kulikuwa na aya iliyosema kwamba barafu za Himalaya huenda zikatoweka ifikapo 2035. Mwenye orodha angepitisha bila kusita, maana angepata wapi chanzo kikubwa kuliko hicho? Sasa fuata rejea. Aya ile iliegemea ripoti ya mwaka 2005 ya WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira. Ripoti ya WWF nayo ilikuwa imelitoa dai hilo katika jarida la habari za sayansi la New Scientist la mwaka 1999. Ukifika kwenye jarida unakuta mahojiano na mtafiti mmoja wa barafu akitoa makadirio yake, na njia inakatika papo hapo. Hakuna vipimo, wala makala iliyopitiwa na wataalamu wengine. Dai lilikuwa limepanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikilipa heshima zaidi bila kuliongezea ushahidi wowote.

Hata kabla ya kufungua rejea, hesabu ndogo ingetosha kukushtua. Barafu kubwa za milima ile zina unene wa mamia ya mita, na kasi iliyopimwa ya kupungua kwake ilikuwa mita moja hivi au pungufu kwa mwaka. Gawanya, uone kama miaka 28 inatosha. Jizoeze hesabu za namna hii, kwa sababu zinafuta madai mengi kwa dakika chache. Mtu akikuambia volkano hutoa hewa ukaa nyingi kuliko binadamu, tafuta tarakimu mbili tu. Binadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji. Volkano zote, za nchi kavu na za chini ya bahari, hazifikii asilimia moja ya kiasi hicho.

Tusiiache Himalaya bado, kwa sababu kilichofuata kina uzito kuliko kosa lenyewe. Waliolifichua ni wataalamu wa barafu, watu wa fani ileile. Januari 2010 IPCC ilikiri hadharani kwamba aya ile haikuwa na msingi, na mwaka huohuo utaratibu wake ukakaguliwa na baraza la kimataifa la akademia za sayansi, kisha kanuni za kutumia machapisho yasiyopitiwa na wataalamu zikakazwa. Tena, sehemu ya kwanza ya ripoti hiyohiyo, ile ya misingi ya kifizikia, haikuwa na dai hilo kabisa. Kwa hiyo anayesema "walidanganya kuhusu Himalaya, basi yote ni uongo" mwulize ni sehemu ipi ya ripoti, sura ipi, na nani aliyelikamata kosa.

Linganisha na waraka wa saini uliosambazwa Marekani kuanzia 1998, unaojulikana kama Waraka wa Oregon, ukiwataka wanasayansi waukatae Mkataba wa Kyoto, ule wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Makala iliyoambatanishwa nao ilipangwa kwa herufi na mtindo uleule wa jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ingawa haikuwa imechapishwa humo. Aprili mwaka huo akademia ikalazimika kutangaza kwamba haihusiki. Hadi leo utakutana na sentensi kwamba wanasayansi 31,000 wamekanusha ongezeko la joto. Ukifungua mchanganuo wa waandaaji wenyewe utaona kwamba kilichohitajika ni shahada yoyote ya sayansi, uhandisi au tiba, na kwamba waliowekwa katika kundi la wataalamu wa tabianchi ni 39. Idadi kubwa ya saini haijibu swali la alijuaje. Na hapa ndipo tofauti ilipo kati ya vyanzo hivi viwili: kimoja kilikosea, kikaonyesha kosa lilipo na kikabadili utaratibu, kingine kinaendelea kuzungushwa kana kwamba hakijawahi kujibiwa.

Kuhusu vyeo na tuzo, uliza mtu amefanya nini katika jambo hili hasa. Ivar Giaever alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1973 kwa kazi yake juu ya vipitishio vya umeme visivyo na ukinzani, kazi nzito isiyo na mashaka. Baadaye akawa msemaji anayenukuliwa sana na wanaopinga sayansi ya tabianchi. Mwaka 2012, akihutubia mkutano wa washindi wa Nobeli mjini Lindau, alieleza mwenyewe kwamba alijifunza suala hilo kwa kutafuta kwenye Google kwa siku moja, au pengine nusu siku. Syukuro Manabe naye alipata Nobeli ya fizikia, mwaka 2021, kwa kazi juu ya tabianchi yenyewe. Mwaka 1967 yeye na Richard Wetherald walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka, tabaka la chini la angahewa litapata joto huku stratosfia iliyo juu yake ikipoa. Lingekuwa Jua ndilo linaloongeza joto, matabaka yote mawili yangetarajiwa kupata joto. Miaka mingi baadaye maputo ya hali ya hewa na setilaiti vilipima, na kikaonekana kile walichokisema. Wote wawili ni washindi wa Nobeli, lakini mmoja alitamka jambo ambalo vipimo vingeweza kulivunja, na halikuvunjika. Huo ndio uzito unaoutafuta, na hauandikwi mbele ya jina la mtu.

Fedha pia uliza, ila usiishie hapo. Wanaoanza hupenda swali la mfadhili kwa sababu ni rahisi na linafurahisha. Kumbuka kisa cha mradi wa Berkeley Earth. Mwanafizikia Richard Muller alikuwa na mashaka ya kweli juu ya rekodi za joto la dunia, akaanzisha mradi wa kuzichambua upya zote, na sehemu ya fedha ilitoka katika mfuko wa Charles Koch, tajiri wa biashara ya mafuta. Aliyehukumu kwa mfadhili peke yake angekuwa ameshaandika matokeo. Mwaka 2012 Muller alitangaza kwamba rekodi zilikuwa sahihi, kwamba nchi kavu imepata joto, na kwamba karibu ongezeko lote limetokana na binadamu. Upande mwingine, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba makadirio ya joto yaliyotengenezwa na wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon kati ya 1977 na 2003 yalikuwa sahihi kwa kiwango kikubwa, wakati kampuni hiyohiyo ikieneza mashaka hadharani. Fedha zinakuambia pa kuangalia kwa makini zaidi. Jibu liko kwenye data na njia iliyotumika.

Grafu zinahitaji swali moja kabla ya mengine yote: kwa nini inaanzia hapo? Kwa miaka mingi zilizunguka grafu zilizoanzia 1998 kuonyesha kwamba joto limesimama. Mwaka 1998 ulikuwa na El Niño kali, ile hali ya maji ya Pasifiki kupata joto na kupandisha joto la dunia kwa muda, hivyo ulikuwa kilele, na ukianzia kileleni karibu kila kinachofuata kitaonekana kama tambarare. Usibishane na mwenye grafu. Pakua data. NASA, NOAA (idara ya Marekani ya bahari na angahewa), kituo cha Hadley cha Uingereza na Berkeley Earth wanaziweka wazi, bure, kwa mwezi na kwa mwaka. Zifungue kwenye jedwali, chora mstari kuanzia 1880, halafu chora tena kuanzia 1998, ziweke grafu mbili pamoja. Nawasihi wote wanaoanza wafanye zoezi hili kwa mikono yao, kwa kuwa baada ya hapo hawahitaji tena kumwamini mtu kuhusu jambo hilo, hata mimi. Utauona pia mwaka 2024, ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeukadiria kuwa na nyuzi joto 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa 1850 hadi 1900.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wengi wetu tunaitekeleza vibaya, nayo ni kuhakiki madai tunayoyapenda. Mtu anayejali hatima ya dunia hukaza macho kwa anayekanusha na hulegeza kwa anayetia chumvi. Oktoba 2018 IPCC ilitoa ripoti maalumu juu ya ongezeko la joto la dunia la nyuzi 1.5. Ilisema kwamba ili joto libaki karibu na kiwango hicho, utoaji wa hewa ukaa duniani unapaswa kupungua kwa takriban asilimia 45 kutoka viwango vya 2010 ifikapo 2030. Siku chache baadaye vichwa vya habari vilikuwa vinasema dunia imebakiza miaka 12. Ripoti haikutaja mwisho wa dunia, na inaeleza wazi kwamba madhara hukua kadiri joto linavyoongezeka, nusu nyuzi kwa nusu nyuzi. Aliyeisambaza sentensi ile kwa nia njema amempa mkanushaji silaha ya kutumia mwaka 2030. Vivyo hivyo ile video ya dubu wa barafuni aliyekonda, iliyotazamwa na watu wengi mno mwaka 2017: mwaka uliofuata National Geographic ilikiri kwamba ilivuka mpaka ilipohusisha hali ya mnyama yule mmoja na mabadiliko ya tabianchi moja kwa moja, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichokuwa kikimsumbua.

Takwimu ya asilimia 97 nayo ishughulikie hivyohivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia ikisiri 11,944 za makala za kisayansi. Karibu theluthi mbili hazikutamka msimamo juu ya chanzo cha ongezeko la joto. Katika zile zilizotamka, asilimia 97.1 zilikubali kwamba ni binadamu. Ukiandika "asilimia 97 ya wanasayansi wote" umeandika kitu ambacho utafiti huo haukupima. Na anayedai kwamba waliokubali ni theluthi moja tu anahesabu ukimya kama upinzani. Daktari anayeandika juu ya kipimo cha dawa ya malaria haanzi kwa kuthibitisha kwamba malaria huletwa na vimelea.

Jifunze vilevile kutofautisha kinachobishaniwa na kilichokwisha, maana vyanzo vibaya huvichanganya viwili hivi makusudi. Kwamba binadamu ameipasha joto dunia, ripoti ya IPCC ya 2021 inasema halina shaka. Ni kiasi gani joto litapanda hewa ukaa ikiwa maradufu, hapo bado kuna nafasi. Mwaka 1979 kamati iliyoongozwa na mwanasayansi wa hali ya hewa Jule Charney ilikadiria nyuzi 1.5 hadi 4.5, ripoti ya 2021 inasema kuna uwezekano mkubwa ni kati ya 2.5 na 4, na kadirio bora ni 3. Maneno ya uwezekano katika ripoti hizo hayawekwi kwa mapambo. Kila ngazi ina kiwango chake: ngazi moja ni uwezekano wa asilimia 66 na zaidi, iliyo juu yake 90 na zaidi, na ya juu kabisa 99. Ukinukuu, chukua ngazi pamoja na sentensi. Chanzo kinachonukuu matokeo na kuiacha ngazi, kirudie kwa makini.

Kuhusu mashirika yenye majina ya heshima usiyoyajua, usipoteze muda kusoma ukurasa wao wa kujieleza. Toka, tafuta wengine wanasema nini juu yao, nani anawaongoza, na wamechapisha wapi. Picha zitafute kinyumenyume, yaani ipakie picha yenyewe kwenye mtambo wa kutafuta mtandaoni, ujue ilionekana wapi kwanza na lini. Hayo ni ya dakika tano.

Na dai ambalo umeshindwa kulifikisha linakoanzia, usilitumie, hata kama moyoni unaamini ni la kweli na hata kama lingekusaidia sana katika hoja yako. Liweke kando pamoja na tarehe, mahali ulipoliona, rejea ulizofuata na pale njia ilipokatikia. Atakayekutana nalo baada yako aanzie hapo.