Biti 32 kwenda 64: anza na printa

Dada, umeuliza kama kompyuta ya steshenari yako pale Nkuhungu, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8, uitoe Windows ya biti 32 uweke ya 64. Weka. Ya biti 32 inatumia GB 3 na ushee tu, RAM iliyobaki imekaa bure. Hakikisha prosesa ni x64, yaani inayoweza kuendesha Windows ya biti 64. Imeandikwa kwenye taarifa za mfumo.

Ila kabla hujagusa chochote, tafuta draiva ya biti 64 ya printa yako, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa. Mimi nilikurupuka, printa kuukuu ikagoma kabisa, na wanafunzi wamejipanga mlangoni na ripoti zao. Tena Windows ya biti 32 haipandishwi juu kwa juu kuwa ya 64, inawekwa upya na mafaili yanaweza kufutika, kwa hiyo nakili kazi za wateja kwenye flashi, kisha zifungue moja moja uone kama zimenakilika.