Barua kwa mwanangu kuhusu kocha mnayemtafuta

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku Majengo hatujambo, mamako kifua kimepoa na anakusalimu sana.

Waniuliza kama kocha aliyekuwa mchezaji mkubwa hufaulu kuliko yule asiyecheza, maana kamati ya timu yenu huko Likoni imebakiwa na majina mawili: mshambuliaji wa zamani aliyewahi kuvaa jezi ya taifa, na yule mwalimu wa shule ya msingi mwenye vyeti vya ukocha ambaye hajagusa ligi yoyote. Nitakujibu, ila niache nianze na jambo unalolijua nusu.

Wamuona ami yako mechi ikianza huinuka barazani akaenda zake. Nyinyi watoto mwadhani hapendi mpira. Ami yako alikuwa beki wa kushoto, na aliupenda mpira kuliko chakula. Pumzi hazimwishi, krosi zake zafika zinapotakiwa. Kilichomshinda ni kimoja tu: mpira ukimjia mguu wa kulia, alichelewa kugeuka. Ndipo timu yetu ikamleta yule bwana, mchezaji mkubwa wa zamani, awe kocha. Jina lake silitaji kwa kuwa wanawe ni majirani zetu, na kwa haki ya Mungu, mguu kama ule sijauona tena pale kiwanja cha Tononoka. Jioni moja akamwita ami yako katikati ya kiwanja amfundishe kugeuka. Akautuliza mpira kwa kulia, akageuka, huyo akaenda. Waliokaa ukutani wakapiga makofi. "Umeona? Haya, fanya." Ami yako akajaribu, mpira ukamtoka. Yule bwana akarudia vilevile, safari hii kwa kasi zaidi. Akarudia tena na tena, hakubadilisha neno wala hatua: "Mbona rahisi hivi?" Hakumwambia mguu wa kushoto aukanyage wapi. Hakumwambia atangulize bega, kwa kuwa mwenyewe hakujua kwamba yeye hutanguliza bega. Mimi nilisimama karibu, naliona lile bega likitangulia kila mara, na sikuwa na umri wa kumfundisha mtu mzima kazi yake.

Waliendelea mpaka adhana ya magharibi, watoto wakicheka. Ami yako akavua njumu zake, zile ambazo bibi yako alimnunulia kwa pesa za mahamri, akazitia mkononi mwa kijana aliyekuwa pembeni, akarudi nyumbani miguu mitupu. Hakucheza tena. Leo ana wajukuu, na mimi nikipita Tononoka bado naumwa.

Kwa hiyo neno langu ni lile lile ulilolisikia tangu uko darasa la tatu: kocha mtazame anapokuwa na yule asiyeweza. Wanaoweza watacheza hata kocha akilala.

Najua utasema nimechukua kisa cha kiwanja kimoja nikakifanya sheria. Basi tazama mbali. Maradona akiwa kocha aliipeleka Argentina Kombe la Dunia 2010, ana Messi kikosini, wakapigwa 4-0 na Ujerumani kwenye robo fainali. Nani alicheza kuliko Maradona? Kisha mtazame Arrigo Sacchi, muuza viatu, ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Aliichukua Milan ikabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Yeye aliwafundisha wachezaji kucheza hata bila mpira: anawaambia mpira sasa uko pale, na timu nzima yasogea pamoja, kila mmoja ajue umbali wake na mwenzake. Mtu ambaye miguu yake haikumpa jibu la bure ilimbidi alitafute kwa akili, na alichokipata kwa akili aliweza kukisema. Mourinho naye aliwahi kuwa mkalimani wa kocha Bobby Robson, akakaa miaka kando ya wakubwa akitazama na kuandika, akaja kuchukua Ligi ya Mabingwa na Porto 2004 na Inter 2010.

Lakini hapo hapo nasimama, kwa kuwa Cruyff ananivuruga. Huyu alikuwa mchezaji bora wa Ulaya mara 3, na akiwa kocha aliipa Barcelona Kombe lao la kwanza la Ulaya, 1992, akiwa amemwamini kijana mwembamba asiye na mbio aitwaye Guardiola. Kwa hiyo nyota naye aweza kumuona asiye na mbio! Na Zidane, akiwa kocha wa Real Madrid? Ligi ya Mabingwa mara 3 mfululizo, 2016 hadi 2018. Beckenbauer alipewa timu ya Ujerumani Magharibi bila hata cheti cha ukocha, na 1990 akachukua Kombe la Dunia. Hao siwezi kuwaita bahati. Na hapa kwetu Mwalala alikuwa mshambuliaji hasa, Yanga wanamkumbuka, na mwaka 2019 alikuwa kocha kwenye benchi Bandari wetu walipowafunga Simba 2-1 kwao Dar es Salaam, kisha mwaka ule ule wakabeba kombe la FKF Shield. Siku ile mamako alinizuia nisipige kelele, jirani alikuwa mgonjwa. Benni McCarthy pia, aliyekuwa mchezaji wa Porto ile ile ya Mourinho, kisha akaja kuifundisha timu yetu ya taifa. Uliona vijana wake kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025 walivyowafunga Morocco 1-0 Kasarani wakiwa pungufu kwa mchezaji mmoja. Kijana wa ligi ya hapa akiambiwa "vumilia" na mtu aliyevumilia kule Ulaya, neno lile lina uzito mwingine.

Na uzito huo ndio uliomkosa karani wetu. Baada ya yule bwana kuondoka, timu ilishikwa na karani wa bandarini ambaye hakuwahi kucheza popote, ana daftari la mistari na kalamu sikioni. Siku ya tatu akaniita pembeni. Hakuniuliza kuhusu mguu. Aliniuliza: "Kabla mpira haujakufikia, umetazama nyuma yako mara ngapi?" Sikuwa nimetazama hata mara moja. Akanisimamisha nusu ubavu, uso kwa mpira na ubavu kwa uwanja, akaniambia kila pasi ikiwa njiani nitupe jicho begani. Wiki ile ile uwanja ukanipanukia. Mwanangu, sijui nikuelezeje raha ile! Mtu asiyeweza kupiga danadana alinipa macho. Na kila nikikumbuka nasema, laiti angekuja mwaka mmoja kabla, ami yako angegeuka.

Ila kusema kweli nikuambie na mwisho wake. Tulifika fainali ya mtaa, na wakati wa mapumziko akamwambia mshambuliaji wetu mkubwa arudi kusaidia kukaba. Yule akamjibu mbele yetu sote: "Wewe hujapigwa teke hata siku moja, waniambia nini?" Karani akanyamaza, sote tukanyamaza, na kipindi cha pili kila mtu akacheza lake. Tulifungwa. Yule bwana wa kwanza angemtazama tu, na mshambuliaji angerudi kukaba. Hilo nalo ni kweli, na halinipendezi.

Basi jina ninalo mdomoni, na unajua ni lipi, kwa kuwa wanijua. Sitaliandika. Timu ni yenu, na huyo mshambuliaji wenu sijamuona akifundisha. Huenda ni Cruyff mdogo mwenye subira, nami namhukumu kwa dhambi za mwingine. Na huenda mwalimu huyo ana vyeti tu, hana jicho. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto hamsini hujua nani hajaelewa... basi, naacha, nisije nikalisema.

Fanya hivi. Kila mmoja mpeni mazoezi ya siku moja, katikati ya wiki watazamaji wakiwa wachache, na msimpe kikosi cha kwanza. Mpeni wale wa benchi, na yule kipa wenu anayeogopa krosi awemo. Wewe usikae na kamati kivulini, simama karibu usikie maneno. Mchezaji akikosea mara ya pili, sikiliza kama kocha anarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, au anatafuta njia nyingine ya kumwambia. Na mkimchukua mwalimu, kamati isimame nyuma yake hadharani tangu siku ya kwanza, hasa mbele ya wale wachezaji wakubwa, asije akaachwa peke yake wakati wa mapumziko.

Nijulishe siku mtakayopanga, nitavuka feri nije.

Babako