Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Sikutia Saini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea Jumanne, nikaisoma mara mbili peke yangu kabla ya kumsomea mama yako. Umeandika kwamba klabu ya huko Liège imemwomba mjukuu wangu ajiunge na timu yake ya vijana acheze beki wa kati, na kwamba ulipoishika ile fomu mkononi uliikumbuka ya kwako ya mwaka 1999. Ndipo ukaniuliza jambo ambalo hukuwahi kuniuliza kwa miaka yote hii: ilikuwaje Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo kama mimi, aliyeikimbia nchi kama mimi, akamwachia mwanawe Vincent, yule beki aliyekuja kuwa nahodha wa Manchester City, acheze, nami nikakuzuia wewe, ilhali mlizaliwa mwaka mmoja, 1986, katika jiji hili hili la Brussels? Swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa ukweli, hata pale ukweli huo unaponiumiza.

Fomu yako ilikaa chini ya kopo la sukari siku kumi na moja. Mwalimu wa timu aliyeileta alikaa jikoni kwetu bila kuvua koti, akala sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, ambazo mama yako alikuwa ameletewa kutoka nyumbani, akasema kwamba una macho ya beki, kwa kuwa unajua mpira utakapoangukia kabla haujapigwa. Nafasi ya saini ya mzazi ilikuwa chini kabisa, mstari mfupi wa nukta. Usiku mmoja nilipokuwa nikijiandaa kwenda kazini niliweka kalamu juu ya mstari ule, nikaiondoa. Asubuhi yake nikakwambia uchague shule au mpira. Ulichukua mkoba wako ukaenda kufanya kazi za shule bila kusema neno, nami nikauhesabu ukimya wako kuwa ni kukubali. Haukuwa kukubali, na nadhani hata siku ile nilijua.

Sikukuzuia kwa sababu nilidhani huwezi. Nilikuzuia kwa hofu. Ombi letu la ukimbizi lilikuwa limekwisha kukataliwa, nami nilikuwa nikisafisha majiko ya mikahawa kuanzia saa 4 usiku, nikilipwa mkononi, nikirudi nyumbani kwa njia zisizo na askari wengi. Kila karatasi iliyotaka jina letu na anwani yetu niliiona kama mlango wa kutolewa nchini. Mwezi Desemba mwaka ule ule Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuwahalalisha watu walioishi hapa muda mrefu bila hati, tukaomba, tukapata. Kama mwalimu yule angekuja mwaka mmoja baadaye, huenda ningekuwa mtu mwingine. Lakini alikuja wakati ule, na mimi nilikuwa yule niliyekuwa.

Sasa nije kwa Mzee Pierre. Simfahamu ana kwa ana, ninayoyajua ni yale yanayojulikana na wengi. Alifungwa kwa kuhusika katika maandamano ya wanafunzi dhidi ya utawala wa Mobutu, akafika Ubelgiji mwaka 1975, akaendesha teksi huku akisomea uhandisi. Alimwoa Jocelyne, Mbelgiji na mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo Vincent hakuishi na hofu ya hati tuliyoishi nayo sisi, na ni lazima tofauti hiyo niitaje, ingawa siitaji ili nijifiche nyuma yake. Maana katika mengine hawakuwa na wepesi wowote. Walikaa nyumba za gharama nafuu za Quartier Nord, mtaa wa hapa Brussels. Vincent aliingia klabu ya Anderlecht ya hapa Brussels akiwa na miaka sita, na alipofika miaka 14 alifukuzwa shule, akaondolewa kwenye timu ya taifa ya vijana, na wazazi wake wakaachana, yote kwa mfululizo mmoja. Hapo ndipo ninapojipima naye. Mimi, kama ungefukuzwa shule, ningekichoma kiatu chako cha mpira siku hiyo hiyo. Wazazi wake hawakuutumia mpira kama fimbo ya kumrudishia shule, wala hawakuitupa shule kwa sababu mpira ulikuwa unakwenda vizuri. Alipoanza kuchezea kikosi cha kwanza cha Anderlecht mwaka 2003, akiwa na miaka 17, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Februari 2004 aliichezea timu ya taifa dhidi ya Ufaransa, kabla ya kutimiza miaka 18.

Hiyo ndiyo njia ambayo mimi sikuiona. Nilidhani kuna milango miwili na kwamba ukifungua mmoja, mwingine unajifunga. Yule kijana aliendelea kusoma hata alipokuwa nahodha wa Manchester City, akapata shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara palepale Manchester, huku akicheza katika ligi ngumu kuliko karibu zote duniani. Mimi nilikulazimisha uchague jambo ambalo halikuhitaji kuchaguliwa. Kosa langu ndilo hilo, na si kwamba niliithamini shule. Shule ningeithamini tena leo.

Umeniuliza pia kwa nini, baada ya kukuzuia, nilikuwa nikikuita kila mara Kompany anapocheza, mpaka ukaona kama ninakuchokoza. Haikuwa uchokozi. Nilikuwa nikitazama kazi niliyoielewa. Mshambuliaji akipiga nje mara tano na kufunga moja, watu huimba jina lake njia nzima kurudi nyumbani. Beki akicheza dakika 89 bila kosa na kuteleza katika ya 90, ni ile ya 90 ndiyo itakayosimuliwa. Mtu asiye na hati huishi hivyo hivyo: siku njema ni ile ambayo hakuna lililotokea, na hakuna anayekupongeza kwa jambo ambalo halikutokea. Nilipomwona kijana mwenye asili ya kwetu anaifanya kazi hiyo akiwa ameinua kichwa, akipanga wenzake kwa mkono na sauti, nilitaka na wewe umwone.

Wala hakuwa mtu asiyekosea, na hili nataka mjukuu wangu alijue mapema. Hamburg ya Ujerumani, alikokwenda mwaka 2006, majeraha hayakumpa nafasi. Manchester City walipomchukua Agosti 2008, siku chache kabla klabu haijanunuliwa na wenye mali wa Abu Dhabi, mwanzoni walimtumia sana kama kiungo mkabaji, si beki. Alipotulia katikati ya ngome, tabia yake ilikuwa kutoka mbele ya safu na kuuwahi mpira kabla haujamfikia mshambuliaji, badala ya kusubiri nyuma. Akifaulu, anaonekana mfalme. Akichelewa nusu hatua, nyuma yake pana uwazi. Tarehe 8 Januari 2012, katika Kombe la FA dhidi ya Manchester United, aliruka kumkabili mchezaji wa United aitwaye Nani kwa miguu miwili, akatolewa kwa kadi nyekundu mchezo ukiwa haujafika hata robo saa, na akafungiwa mechi nne. Tuliitazama pamoja, ukasema amejiharibia msimu.

Unakumbuka kilichofuata tarehe 30 Aprili, wapinzani wakiwa wale wale? Safari hii ilikuwa ligi, na United walikuwa mbele kwa pointi tatu. Muda wa nyongeza wa kipindi cha kwanza, David Silva wa City akachonga kona. Kompany alianza mbio zake kutoka nyuma, akamwacha beki wa United, Chris Smalling, akihangaika kumfuata, na alipoupiga kwa kichwa mpira ulikuwa wavuni kabla kipa hajainua mikono. Sahani ya chakula ilikuponyoka mkononi. Bao lilibaki moja hilo hilo, timu zikalingana pointi, City wakakaa juu kwa tofauti ya mabao, na kwa tofauti hiyo hiyo wakatwaa ubingwa tarehe 13 Mei, wa kwanza tangu 1968. Baadaye akaongeza mataji mengine matatu ya ligi, 2014, 2018 na 2019.

Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni miaka iliyo katikati ya makombe hayo. Misuli ya shavu la mguu ilimwangusha mara kwa mara, akarudi, akaanguka tena. Michuano ya Ulaya ya 2016, ambayo angeingia akiwa nahodha wa Ubelgiji, aliikosa kabisa. Mama yake alikuwa amefariki kwa saratani kabla ya kuona kombe lolote aliloshinda Uingereza. Wengi tulidhani amekwisha. Kisha ikaja Mei 6, 2019, dhidi ya Leicester, matokeo bila bao hadi dakika ya 70, Liverpool wakiwapumulia mgongoni. Mpira ukamfikia mbali na lango, watu wakimpigia kelele asipige, akapiga, ukaingia pembeni juu. City walimaliza na pointi 98, Liverpool 97. Wiki mbili baadaye akaaga baada ya mechi 360 katika klabu ile. Mapato ya mechi ya kumuaga aliyaelekeza kwa watu wasio na makazi wa Manchester.

Wakati huo baba yake alikuwa tayari meya wa Ganshoren, manispaa mojawapo ya Brussels, aliyepatikana katika uchaguzi wa 2018, Mwafrika mweusi wa kwanza kushika umeya Ubelgiji. Nilikwenda kupita mbele ya ofisi ile siku moja, bila shughuli yoyote, nikasimama tu.

Mwanangu, sisemi kwamba ungefika alikofika Vincent. Hakuna anayejua, na wavulana wengi wenye macho kama yako waliachwa na klabu zao wakiwa na miaka 16 bila cheti wala timu. Ninachosema ni kwamba ulistahili kuachwa ujaribu, nami nilikunyima, na ninakuomba radhi kwa maandishi kwa kuwa kwa mdomo nimeshindwa mara nyingi.

Kuhusu kijana, umesema analia kwa kuondolewa mbele na kurudishwa beki. Mwonyeshe Kompany anavyosimama kabla mpira haujafika, si anavyopiga vichwa. Na kabla hujatia saini, nenda mwenyewe ukamuulize kocha mazoezi yanaanza saa ngapi na wale wanaosoma mbali wanafikaje, nani anamtazama mtoto akiumia, na wale walioachwa mwaka jana wako wapi leo. Akishindwa kukujibu hilo la mwisho, tafuta klabu nyingine. Akikujibu ukaridhika, tia saini siku hiyo hiyo, usiiweke fomu chini ya kitu chochote.

Na kama Jumatano mchana, shule ikishafungwa, huna mtu wa kumpeleka uwanjani, mimi nimestaafu. Treni ya kutoka hapa hadi Liège ni kama saa moja, na nauli ya wazee ni ndogo. Mama yako anasema atanifungia chakula cha watu wawili.

Baba yako