Miwani ya babu imerudi mjini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Tanga. Babu yangu alikuwa baharia, alipofariki bibi akanipa sanduku lake, ndani nikakuta miwani ya jua nyeusi, fremu nene ya plastiki, juu pana chini imebana. Nilikuwa naiona ya kizee kabisa ila siku hizi nikiingia Instagram kila mtu kavaa ya hivyo hivyo. Kweli imerudi au macho yangu tu? Na nikiivaa haitaniumiza maana ina miaka mingi? – Mjukuu wa Baharia

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Macho yako mazima, imerudi, tena si mara ya kwanza. Kwa ulivyoielezea huo ni mtindo wa Wayfarer, kampuni ya miwani ya Ray-Ban waliutoa 1952, watu wakaupenda weee halafu ukachuja mpaka 1981 wakauza pea 18,000 tu, yaani ilibaki kuzikwa tu. Mwaka uliofuata kampuni ikaingia mkataba wa kulipa dola 50,000 kwa mwaka ili miwani yao ionekane kwenye sinema na TV, 1983 Tom Cruise akatokea nayo kwenye filamu ya Risky Business na mwaka huo zikaenda pea 360,000. Kwa hiyo mtu akikwambia fasheni inarudi yenyewe mwambie hii ililipiwa nauli. Miaka ya 90 ikalala tena, 2007 wakalirudisha umbo la mwanzo na toka hapo haijatoka mjini.

Sasa hiyo yako iangalie kwa karibu. Za zamani zimeinama kidogo kwa mbele, ukiipandisha kichwani kama wanavyofanya wadada wa bichi haikai vizuri. Halafu Ray-Ban nyingi za kabla kampuni haijauzwa 1999 zilikuwa na herufi BL ndogooo (yaani Bausch & Lomb, wenye kampuni enzi hizo) zimechongwa pembeni mwa lenzi karibu na bawaba, igeuzegeuze kwenye mwanga utaziona. Usipoziona usinune, feki zilikuwepo hata enzi za babu, na mtindo ni ule ule.

Kwenye macho ndio nataka unisikilize. Weusi wa lenzi na kinga ya UV, ile miale ya jua inayoumiza macho, ni vitu viwili tofauti, lenzi inaweza kuwa nyeusi tii na isizuie kitu. Tena hiyo ndo mbaya zaidi, maana kwenye giza mboni ya jicho inapanuka, sasa miale inakuta mlango uko wazi, bora hata ungetembea bila miwani ukakunja uso. Usikisie wala usidanganywe na stika, ipeleke duka la miwani wenye kimashine cha kupima UV, ni dakika moja tu. Ikifeli usiitupe jamani, waambie wakukatie lenzi mpya za UV400, yaani zinazozuia hiyo miale, waziweke kwenye fremu hiyo hiyo ya babu.

Kama fremu imefanya ukungu mweupe kwa kukaa sandukuni, ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, spiriti hapana, inaila hiyo plastiki. Na skrubu ikilegea usije ukaniwekea supagluu, mpelekee fundi akaze.