Beta dume na gapi tangi moja? Ngoja kwanza

Dada, umeuliza kama samaki wako beta dume, yule wa mapezi marefu, anaweza kukaa na gapi watano, vile visamaki vidogo, kwenye tangi la lita 40. Mimi nisingewaweka. Gapi dume ana mkia mpana wa rangi kali, na beta akiuona hudhani ni beta mwenzake kaja kumnyang'anya eneo. Atatanua mashavu, atasimamisha mapezi, kisha aanze kurarua. Na gapi wakizaa, vitoto vitaliwa. Huo wala si ugomvi, ni chakula tu.

Wenzake wazuri ni samaki wapole wanaokaa chini ya tangi kama koridorasi, wale wenye vindevu wanaochokora mchanga. Ila hawapendi upweke, wanataka kuwa sita hivi, kwa hiyo tafuta tangi la lita 80. Konokono nao hawana neno. Taiga barbi, wale wa milia myeusi, usiwachukue hata muuzaji akikuapia: hudonoa mapezi marefu ya beta mpaka yabaki matambara. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi zaidi, wakati beta anataka nyuzi 25 hadi 27. Beta madume wawili, sahau kabisa.

Panda mimea mingi, lakini acha uso wa maji wazi kidogo, maana beta hupanda juu kuvuta hewa. Siku ya kuingiza wageni, hamisha mawe na mimea ili mwenyeji asitambue mipaka yake, na uzime taa. Weka chombo cha akiba tayari. Ukiona pezi limechanika au mmoja kajificha na hataki kula, watenganishe siku hiyo hiyo.