Ugenini salamu toa, majibu yapime

Watu wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakishapata pasipoti ya kwanza huja dukani kwangu na maswali yanayofanana. Nauli ya basi hadi Lusaka ni kiasi gani siku hizi, hela nibadilishie Tunduma au nivuke nayo, China mzigo wanapima kwa kilo au kwa ujazo. Nawajibu vizuri tu, na chai juu. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayeuliza habari za watu, na watu ndio watakaomchosha kuliko mzigo. Mtu humjui hakujui anakushika nywele kwenye treni. Mwingine anakuuliza kama kwenu mna nyumba. Mwingine anacheka na mwenzake huku anakutazama, nawe umesimama na mfuko wako hujui umetukanwa au umesifiwa.

Mimi nauza viatu na vitenge. Nimepita mpaka wa Zambia kule Nakonde na wa Malawi kule Kasumulu mpaka nimezoeana na wapika chai wa pale, na baadaye nikaanza kwenda Guangzhou, China. Msimamo nilioupata huko ni huu: salamu mpe kila mtu, hata aliyekununia. Jibu la swali lake ni mali yako, utalitoa ukipenda na utalikatisha unapotaka. Wengi wetu tunafanya kinyume chake. Tunawanyima watu salamu kwa woga, halafu tunajieleza mpaka jina la bibi kwa mtu wa kwanza aliyetuchekea.

Nianze na huku karibu, maana ndiko wengi wanakoanzia. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha mpakani. Ukienda, taratibu za nchi zote mbili unazimalizia Nakonde, ukirudi unazimalizia Tunduma. Mpaka wenyewe huuoni. Wanamwanga wako upande huu na upande ule, Kiswahili kimejaa sokoni Nakonde, na ukishakula wali maharage hapo unasahau kabisa kwamba umetoka nchini. Shida inakungoja mbele, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, ambako Kiswahili kimeshakwisha nawe umebaki nacho peke yako.

Mzambia asiyekujua atakusemesha Kibemba, au Kiingereza, ambacho ndicho lugha yao rasmi. Mtanzania anayeonea haya Kiingereza chake anageukia dirishani. Kwetu hiyo ni aibu ya kawaida. Kule mtu anaona umemdharau, na safari ya siku nzima unakaa na jirani aliyekasirika bila wewe kujua kwa nini. Dawa yake ni ndogo. Kabla hujaketi, sema "Mwapoleni mukwai." Ukifika kwa wasemaji wa Kinyanja, na Malawi vilevile, "Muli bwanji." Kwa mtu mzima gonganisha viganja taratibu na ukunje goti kidogo, aliyelelewa Tukuyu au Kyela hahitaji kufundishwa hilo. Baada ya hapo hata ukitoa Kiingereza cha kuungaunga, watu wenyewe watakusaidia kukiunga. Anayevuka Kasumulu kwenda Karonga ana nafuu zaidi, kwa sababu Wangonde na Wanyakyusa wanasikilizana.

Kuna na ugomvi wa bure kabisa, wa saa. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na hawahesabu saa kama sisi. Mtu akikwambia kwa Kiingereza mkutane asubuhi "ten o'clock", ni saa nne ya asubuhi kwake na saa tano kwako. Nimemwona Mtanzania akimfokea mwenye duka Lusaka kwamba amemchelewesha, na yule bwana alikuwa amewahi.

Wabadilishaji hela wa mkononi wanastahili maneno yao. Kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi zina jina moja na thamani zilizoachana mbali sana, na Zambia yenyewe iliondoa sifuri tatu kwenye hela yake 2013, kwa hiyo noti za zamani zenye sifuri nyingi zilibaki kuwa mtego kwa wageni. Ila wizi mwingi hauko kwenye noti, uko kwenye upole. Atakuita dada, atakuuliza habari za Mbeya, atakuhesabia hela mbele yako, halafu ataomba azishike tena ahakikishe. Hapo ndipo unapoona aibu kumkatalia mtu aliyekuwa mwema namna hiyo. Mkatalie. Hela ikishahesabiwa na kufika mkononi mwako hairudi kwake, na ukitaka kuuchukua usumbufu wote huu na kuutupa, nenda duka la kubadilishia fedha lenye risiti.

Sasa twende mbali. Guangzhou kuna eneo la Xiaobei ambako wafanyabiashara wa Kiafrika ni wengi, wenyeji wamewazoea na hawahangaiki nao. Toka nje ya hapo, panda treni ya chini ya ardhi kwenda masoko ya jumla, ndipo utajua umekuwa kivutio. Kina bibi wanashika misuko. Mtu anataka picha na wewe, anamsukuma mtoto wake asimame karibu nawe, mtoto analia. Wengine wanaacha kiti kitupu pembeni yako na kusimama.

Kwenye nywele mimi narudisha kichwa nyuma, nainua kiganja, natabasamu. Hawaoni vibaya, wanacheka na kuacha. Nikiwa na nafasi na picha naikubali, halafu natoa simu yangu na mimi nawapiga. Hapo mambo yanakuwa sawa, tumepigana picha. Sina hasira na hao wazee. Wamoraviani wa Kijerumani walifika Rungwe 1891, tumeishi na sura za Wazungu zaidi ya miaka mia, na bado Mzungu akipita Tukuyu watoto wanamkimbiza wakipiga kelele. Hasira yangu naiwekea vijana wanaorekodi kwa kujificha na kucheka. Hao nawageuzia mgongo, au namkaribia mmoja na kumsalimia kwa sauti ili gari zima lijue ananirekodi. Na kiti kitupu? Kaa, nyoosha miguu.

Maswali ya kijinga hayana mwisho na hayafai kukuumiza kichwa. Mtu atakwambia Tanzania iko Afrika Kusini. Atakwambia Kilimanjaro uko Kenya, na Mkenya aliyeketi pembeni atanyamaza kimya kabisa (hao ni ndugu zetu, lakini kwenye hilo jambo moja hawajawahi kuniaminisha). Atakwambia una bahati umezoea joto. Mimi mtu wa Mbeya, nimekulia kwenye sweta! Niliwahi kumwonyesha mama mmoja picha ya sakitu juu ya mashamba ya viazi Makete, mwezi wa saba, akasema nimeitoa Ulaya. Ukijikuta unaanza kutoa mhadhara, simama. Jibu moja fupi, la kuchekesha likiwezekana, kisha muulize yeye anatoka mji gani na kwao wanapika nini. Watu wengi hawataki kujua habari za Tanzania hata kidogo, wanataka mazungumzo, na njia ya haraka ya kumtoa mtu kwenye habari zako ni kumwingiza kwenye habari zake.

Ila tukumbuke kwamba na sisi tunauliza. Umri, mume yuko wapi, watoto wangapi, mbona huna watoto, mshahara shilingi ngapi: haya tunayauliza kwenye Coaster kabla haijafika Uyole. Kumwambia mtu amenenepa kwetu ni kumpongeza. Ukimwambia hivyo Mwingereza mnayefanya naye kazi, utamlisha huzuni ya wiki nzima.

Na utani. Huu ndio unaotuponza watu wa nyanda za juu kuliko Kiingereza kibovu, kwa sababu tumelelewa nao na hatuoni kwamba tunao. Msiba kwetu hauendi bila watani. Mhehe anaambiwa habari za mbwa tangu darasa la kwanza, anacheka, anajibu, maisha yanaendelea. Nilisafiri na kaka mmoja wa Iringa, Mhehe wa Kalenga kabisa, mtu aliyetaniwa nyama ya mbwa maisha yake yote. Mwenye kiwanda akatukaribisha chakula Guangzhou, meza imejaa. Kaka huyo akamwambia mkalimani amuulize mwenyeji kama ile nyama ya katikati ilikuwa inabweka, akaangua kicheko. Mkalimani alisita kwanza, kisha akatafsiri. Mwenyeji akaweka vijiti chini.

Kwa yule kaka swali lile ni mapenzi. Kwa Mchina ni dharau aliyoisikia mara nyingi kutoka kwa wageni, na wengi wao wala hawali mbwa. Kuomba radhi peke yake kusingetosha, maana mwenyeji asingejua tunaomba radhi kwa lipi. Nilimwomba mkalimani aeleze kwamba kwetu anayechokozwa kwa habari za mbwa ni huyu huyu, yeye na kabila lake zima, hata harusini, na kwamba alidhani amepata mwenzake. Ikachukua muda kueleza. Mwenyeji akamtazama kaka yule kwa makini, akamwongezea nyama kwenye bakuli.

Kwa hiyo utani uacheni mkobani mpaka mwenyeji auanzishe. Ukiwa na hamu nao sana, jitanie mwenyewe. Na jambo likiharibika mezani, eleza kwa urefu lilikotoka, usiseme samahani na kuinamia sahani.

Yote hayo ni mambo ya kuvumilika. Kuna mengine si ya kuvumilia wala ya kujibu. Afrika Kusini wageni Waafrika walishambuliwa 2008, wakafa zaidi ya watu 60, na mashambulizi yakarudi 2015 na 2019. Madereva wa malori wanaofika huko wananiambia kitu kimoja: usiangalie neno alilosema mtu, angalia wako wangapi na wamekunywa kiasi gani. Mmoja aliye mzima anayekuita makwerekwere, neno lao la kumdharau mgeni Mwafrika, unaweza kumpa salamu na kupita. Watatu wakianza kuambiana kitu huku wanakukaribia, ingia dukani, kaa ndani mpaka watawanyike, heshima yako utaidai siku nyingine. Sisi wanawake tunaosafiri peke yetu tuna la kwetu, la mwanaume anayekuuliza bei kwenye lifti ya hoteli. Usimjibu hata tusi. Usishukie kwenye ghorofa yako. Rudi mapokezi, sema kwa sauti ya kusikika.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linakuja na shikamoo. Uwanja wa ndege, mama mtu mzima, Mtanzania mwenzio au jirani wa Afrika, mizigo yake imezidi kilo, anakuomba umbebee kifurushi kidogo tu, atakipokea mjukuu wake. Malezi yetu yote yanakwambia mpokee mzigo mama wa watu. China adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya inaweza kufika kifo, na mahakama haitamtafuta bibi. Sema hivi, na uyazoee maneno hayo nyumbani kabla ya safari: "Marahaba… samahani, shikamoo mama, mzigo wa mtu sibebi, hata wa mama yangu mzazi." (Nimeyaandika hivyo makusudi, kwa sababu mwingine anawahi kukuamkia yeye ili akuchanganye.) Akinuna, anune. Akilia, mwite mhudumu wa ndege amsaidie, na utaona kama atakubali mhudumu aje.

Polisi wa nchi ya watu akikusimamisha, salamu kwanza, mikono ionekane, pasipoti utoe. China hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi, ila ukilala kwa rafiki mnatakiwa kwenda kuandikisha ndani ya saa 24, na wengi wanashikwa hapo bila kosa lingine lolote. Ukishikiliwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Iombe kwa upole, irudie, usisaini karatasi ambayo hujasomewa. Tuna ubalozi Lusaka, Lilongwe, Pretoria na Beijing. Namba ya simu ya ubalozi iandike kwenye karatasi pamoja na nakala ya pasipoti, uziweke mbali na pochi, kwa sababu ukikamatwa simu ndiyo wanayoichukua kwanza.